Njia za Panya na Barabara za Lami: Historia ya Uchumi wa Baiskeli Kuluba na Nile Magharibi, 1914–2020

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya baiskeli katika historia ya uchumi wa Kuluba, kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko inayopakana na Sudan Kusini na kuikaribia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na uhusiano wake na soko la Arua. Inadaiwa kwamba kwa muda mrefu wa karne ya ishirini baiskeli ilibeba sehemu kubwa ya biashara ndogo ya eneo hili, lakini njia ilizopitia hazikuwahi kuhesabiwa kuwa miundombinu. Zile zilizotumiwa zaidi ziliitwa njia za panya, zikashughulikiwa kama suala la ulinzi na ushuru badala ya suala la uchukuzi. Makala yanahitimisha kwamba kuwekeza katika njia za baiskeli mijini na katika vituo vya biashara vya mpakani ni hatua yenye faida ya kiuchumi inayoweza kukadiriwa, na kwamba gharama ya hatua hiyo huongezeka kila mwaka unaopita.

Istilahi muhimu: baiskeli, miundombinu, mpaka, magendo, Nile Magharibi, bodaboda

1.0 Utangulizi

Historia ya uchukuzi wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata reli na barabara kuu. Msomaji wa historia hiyo anazifahamu reli ya Uganda, bandari ya Mombasa, meli za Ziwa Viktoria na, katika miongo ya karibuni, barabara za lami zilizojengwa kwa mikopo ya mashirika ya fedha ya kimataifa. Kinachokosekana ni sehemu ya safari iliyo kati ya shamba na barabara, na kati ya barabara na soko. Sehemu hiyo ndiyo iliyowahusu watu wengi zaidi, na kwa miongo mingi ilisafiriwa kwa miguu au kwa baiskeli.

Kuluba ni mahali panapofaa kulichunguza pengo hilo. Kituo cha mpakani cha Oraba kimo humo, na ng'ambo yake ni Kaya, mji wa Sudan Kusini. Si mbali na hapo ndipo panapoitwa Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakutana. Wakakwa, ambao ndio wenyeji wakuu, wanaishi katika nchi zote tatu. Kwao safari ya kwenda kwa shemeji, sokoni au shambani inaweza kuwa safari ya kimataifa, na kwa kawaida ni safari ya kilomita chache ambayo haihitaji gari wala haiwezi kulimudu.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: ikiwa baiskeli ilifanya kazi kubwa kiasi hicho, kwa nini njia zake hazikuingia katika bajeti ya serikali yoyote, ya kikoloni au ya baada ya uhuru? Na kukosekana huko kumeugharimu nini uchumi wa eneo hili?

2.0 Kutoka kichwani hadi kwenye keria, 1914–1971

Nile Magharibi iliingia Uganda ikiwa imechelewa. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Baada ya kifo chake mwaka 1909 Lado ilirejeshwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka huo huo A. E. Weatherhead alianzisha makao ya utawala Arua. Mpaka uliokata nchi ya Wakakwa vipande vitatu ulitokana na mapatano hayo ya mbali, wala haukufuata njia ambazo watu walikuwa wakipita.

Katika miaka ya mwanzo ya utawala huo mzigo ulikwenda kichwani. Bidhaa za kutoka kusini zilifika kwa meli za Mto Nile hadi bandari ndogo kama Rhino Camp, kisha zikapandishwa nyanda za juu na wapagazi. Kodi ya kichwa iliwalazimu wanaume kutafuta fedha, na kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya Walugbara, Waalur na jirani zao walikwenda Buganda na Busoga kufanya kazi katika mashamba ya miwa na pamba. Miongoni mwa vitu ambavyo wahamiaji hao walirudi navyo, baiskeli ilikuwa na hadhi ya pekee. Nguo zilichakaa na fedha zilitumika, lakini baiskeli iliendelea kuzalisha kipato hata baada ya mkataba wa kazi kwisha. Ilikuwa akiba, mahari na chombo cha kazi kwa wakati mmoja.

Faida yake inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Mtu aliyebeba mzigo kichwani huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, na mzigo wake ni nadra kuzidi kilo 30. Baiskeli yenye keria imara huchukua kilo 75 bila kufikia ukomo wake, na kwenye njia nzuri huenda kilomita 12 kwa saa. Tuseme soko liko umbali wa kilomita 15. Mtembea kwa miguu atatumia zaidi ya saa sita kwenda na kurudi, na atakuwa amefikisha kilo 25 za muhogo au tumbaku. Mwenye baiskeli atatumia saa mbili na nusu, na atakuwa amefikisha mara tatu ya mzigo huo. Kazi ya siku tatu za mtu mmoja inakwisha kabla ya adhuhuri, na muda unaobaki unarudi shambani.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina sharti moja, nalo ni njia. Panapokuwa na kijito kisicho na daraja, mwendeshaji hulazimika kuufungua mzigo, kuuvusha, kuivusha baiskeli na kufunga upya. Panapokuwa na mchanga mwingi au matope, husukuma. Kwa hiyo daraja dogo la miguu, kalvati moja au tuta lililoinuliwa mita chache lingeweza kuongeza thamani ya kila baiskeli katika kata nzima. Utawala wa kikoloni ulifahamu thamani ya barabara kwa lori la tumbaku, zao lililoenea Nile Magharibi kati ya vita viwili vya dunia. Thamani ya njia kwa baiskeli iliyoleta tumbaku hiyo hadi kwenye lori haikuhesabiwa. Hata reli ilipofika Pakwach mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, mfumo wa fikra haukubadilika: fedha za umma zilifuata injini, na kilichobaki kiliachiwa nguvu za wananchi.

3.0 Baiskeli na magendo, 1972–2005

Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivuruga biashara ya rejareja katika Uganda nzima. Maduka yaliyouza baiskeli, tairi na vipuri yalibadilisha wenyewe au yalifungwa, na bidhaa za kawaida zikawa adimu. Uchumi wa magendo ulioibuka uliwapa watu wa mpakani faida ya kijiografia: kilichokosekana Kampala kiliweza kupatikana Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, au Sudan.

Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin, aliyekuwa na asili ya Koboko, mwezi Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya mwaka 1980 na kisasi cha kijeshi kilichofuata, sehemu kubwa ya wakazi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan. Walipoanza kurudi kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 1980 walikuta mashamba yamekuwa mapori na nyumba hazina mapaa. Walichokuwa nacho ni mahusiano waliyoyajenga uhamishoni: lugha, wakwe, wadeni na ujuzi wa kila kijia cha upande wa pili. Kiswahili, Kilingala, Kinubi na Kiarabu cha Juba vilikuwa mtaji kama ilivyokuwa baiskeli.

Katika mazingira hayo walijitokeza vijana wa Arua na Koboko walioitwa OPEC boys, ambao mtafiti Kristof Titeca ameeleza historia yao. Walileta petroli kutoka Kongo kwa madumu na kuiuza kando ya barabara kwa bei iliyo chini ya ile ya vituo rasmi. Wengi wao walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni na hawakuwa na ajira nyingine. Katika miaka hiyo baiskeli ilikuwa miongoni mwa vyombo vyao vikuu. Historia ina kinaya chake hapa: mafuta yaliyoendesha magari na pikipiki za Nile Magharibi yalifika, kwa sehemu, juu ya keria ya chombo kisichotumia mafuta.

Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilipoanzishwa mwaka 1991, njia hizo zilipata jina la kudumu katika lugha ya utawala: njia za panya. Jina hilo lilikuwa na mantiki yake, kwani ushuru ulikwepwa kweli. Lakini lilificha jambo la pili. Kwa mama anayepeleka maharagwe sokoni Ariwara, upande wa Kongo, au kwa mgonjwa anayepelekwa zahanati, kijia kile kile kilikuwa barabara pekee. Dola ilipolitazama tatizo lote kwa jicho la forodha, jibu lake lilikuwa kuziba na kulinda. Ujenzi haukuwaza, kwa sababu hakuna wizara inayotengeneza njia ambayo wizara nyingine inataka ifutike.

Kuluba haikuwa peke yake. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ndiko baiskeli za abiria zilikoanzia katika miaka ya 1960, zikiwavusha wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Jina bodaboda lilizaliwa huko. Kisangani nako, vita na uchakavu wa barabara vilipoondoa magari, baiskeli za toleka zilichukua nafasi ya teksi. Kivu kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mazao hadi Goma. Katika sehemu zote hizo uvumbuzi ulitoka kwa watumiaji, ajira ikazaliwa, na mipango ya miji ikabaki nyuma.

4.0 Lami, pikipiki na wakimbizi, 2005–2020

Mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005 ulifungua soko jipya. Kaya na Yei, zilizokuwa mikononi mwa SPLA tangu mwaka 1997, zikawa mlango wa kuelekea Juba. Mwaka huo huo wa 2005 Koboko ilitengwa na Arua na kuwa wilaya. Malori yaliongezeka, na barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa takriban kilomita 92, ikajengwa kwa lami kwa ufadhili wa Benki ya Dunia katika nusu ya kwanza ya muongo wa 2010.

Ni vigumu kukadiria kwa maneno faida ambayo barabara hiyo imeleta. Safari iliyotegemea majira ya mvua sasa hufanyika mwaka mzima, na wagonjwa, walimu na mazao hufika kwa wakati. Lakini lami iliyopunguza gharama ya lori iliongeza pia mwendo wake, na mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita katikati ya barabara ya vumbi akasogezwa ukingoni. Ukingo huo si njia ya baiskeli: lori huegeshwa hapo, mahindi huanikwa hapo, na bodaboda huwasubiria wateja hapo. Katika vituo vya biashara, ambako watu ni wengi na ndiko baiskeli huhitaji nafasi zaidi, ndiko nafasi huwa finyu zaidi.

Pikipiki zilipoenea, vijana wengi waliacha baiskeli. Sababu zao zilikuwa za msingi: pikipiki huenda mbali, hubeba abiria wawili na humpa mwenyewe heshima. Hata hivyo uchumi wake ni tofauti. Mwendeshaji wa pikipiki ya kukodi au ya mkopo humlipa mwenye chombo kabla hajala, kisha hununua mafuta. Uganda huagiza mafuta yake yaliyosafishwa kutoka nje, kwa sehemu kubwa kupitia Mombasa, hivyo fungu la kila nauli inayolipwa Koboko huondoka Koboko. Baiskeli nayo hutumia tairi na vipuri vya kigeni, lakini matumizi yake ya kila siku hubaki kwa fundi aliye chini ya mwembe, mchomeleaji wa keria na muuza chakula.

Vita vilivyozuka upya Juba mwezi Julai 2016 na kuenea hadi Yei viliwaleta watu wengine wengi. Kuluba ilikuwa mojawapo ya sehemu za kuwapokea wakimbizi kabla ya kuwapeleka kwenye makazi kama Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Kufikia Agosti 2017 Uganda ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Sudan Kusini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi, lakini haki ya kwenda sokoni haina maana kamili kwa asiye na nauli. Kwa kaya iliyopewa kipande cha ardhi mbali na soko, baiskeli huamua kama mboga zitauzwa au zitanyauka.

5.0 Kukadiria faida ya njia ya baiskeli

Kwa desturi, tathmini ya kiuchumi ya barabara hupima akiba ya mafuta, ya matengenezo ya magari na ya muda wa abiria wa magari. Kwa kipimo hicho watumiaji wasio na injini huonekana kama kikwazo kwa mwendo wa wengine. Historia ya Kuluba inapendekeza vipimo vinne vya ziada.

Kwanza ni muda. Saa tatu na nusu zinazookolewa katika mfano uliotolewa hapo juu ni saa za kazi hata kama hazina mshahara. Nchini Zambia, uchunguzi wa programu ya kuwapa wasichana wa vijijini baiskeli za kwendea shule ulionyesha kwamba muda wa safari ulipungua kwa takriban theluthi moja na utoro kwa zaidi ya robo. Elimu inayopatikana kwa njia hiyo ni rasilimali ya uchumi.

Pili ni usalama. Ajali ya mlezi wa familia hula akiba, huuza mifugo na huwatoa watoto shuleni. Njia iliyotengwa na magari kwa ukingo wa mawe au kwa mtaro huzuia hasara hiyo kwa gharama inayolipwa mara moja, pamoja na matengenezo madogo.

Tatu ni mzunguko wa fedha. Kalvati, mawe ya ukingo na madaraja ya miguu yanaweza kujengwa na mafundi wa wilaya kwa mikono na zana za kawaida. Sehemu kubwa ya gharama ya barabara kuu huenda kwenye mitambo na lami inayoagizwa, ilhali sehemu kubwa ya gharama ya kijia huenda kwenye ujira.

Nne ni ardhi. Katiba ya Uganda, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya mtu kunyang'anywa mali yake. Ukanda wa mita mbili unaotengwa leo kando ya barabara katika kituo cha biashara kinachokua ni vibanda vichache vya kusogeza. Ukanda huo huo baada ya miaka 20 utakuwa maduka ya ghorofa. Kuchelewa, kwa hiyo, ni gharama halisi hata kama haimo katika vitabu vya hesabu.

Mifano ya Afrika Mashariki inatoa funzo la aina mbili. Katika miaka ya 1990 njia za baiskeli na za miguu zilijaribiwa Temeke na Morogoro, nchini Tanzania, na vilevile Nairobi na Eldoret, nchini Kenya. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalipoanza kazi, Barabara ya Morogoro ilikuwa na njia za miguu na za baiskeli pembeni. Hayo yamethibitisha kwamba ujenzi unawezekana. Lakini pale ambapo pikipiki na biashara ndogondogo zimeachwa zivamie njia hizo, waendesha baiskeli wamerudi kwenye msururu wa magari. Njia isiyo na msimamizi hurudi kuwa ukingo.

Sera nayo ipo. Uganda ilipitisha Sera ya Usafiri Usiotumia Injini mwaka 2012, na Kampala imeijaribu katika Namirembe Road na Luwum Street. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipendekeza mwaka 2016 kwamba angalau asilimia 20 ya bajeti za usafiri ielekezwe kwa kutembea na baiskeli. Arua, iliyokuwa miongoni mwa manispaa 14 za kwanza za mradi wa miundombinu ya miji wa USMID, ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, hata vituo vidogo kama vile vya Kuluba. Nyenzo za kisheria zipo. Kilichosalia ni uamuzi wa kuzitumia kabla ardhi haijajaa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba baiskeli haikuwa kipindi cha mpito kati ya kichwa na lori katika historia ya Kuluba. Ilidumu chini ya ukoloni, ikastahimili uhamisho, ikajenga upya uchumi wa waliorudi, na bado inatumiwa na wale ambao nauli ya pikipiki huwala faida yote. Hasara iliyopatikana ilitokana na mtazamo uliokiona kijia kama tundu katika mpaka, bila kukiona kama sehemu ya soko.

Mapendekezo matatu yanafuata. Halmashauri za Arua na Koboko zitenge ukanda wa baiskeli na watembea kwa miguu katika kila ramani mpya ya mtaa, zikianzia kwenye barabara zinazoelekea masokoni, shuleni na vituoni mwa afya. Barabara ya Vurra–Oraba itakapofanyiwa matengenezo makubwa, sehemu zake zinazopita katika vituo vya biashara zitengewe njia ya pembeni iliyotenganishwa na magari. Na vijia vya mpakani vinavyotumiwa na wafanyabiashara wadogo vihesabiwe upya na idara za ujenzi na za ushuru zikishirikiana, ili vile vinavyofaa vipewe daraja, alama na dawati dogo la forodha. Mama wa Kuluba atakayepita hapo na gunia lake la maharagwe atalipa kinachostahili, na hatahitaji tena kufungua mzigo kijitoni.